Nimemwahidi kijana wa mahabusu siri, sasa ofisi inataka nieleze alichosema

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26, mkaazi wa Malindi. Nina diploma ya ushauri nasaha, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijitolea katika kituo kimoja cha kuzuilia watoto wenye kesi hapa Pwani, sitakitaja. Kuna kijana wa miaka 15 aliyeshtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Wiki nyingi alikuwa akija, anakaa, ananitazama, anacheka, basi. Siku moja nikamwambia aniamini, lolote atakalosema halitatoka chumbani. Akafunguka. Alisema pikipiki waliichukua kweli, na aliyewatuma ni mjomba wake, ambaye ndiye anayemlisha mamake na wadogo zake. Pia alisema kuna usiku huona bora asingekuwepo. Sasa ofisa mmoja hunisimamisha kila mara, 'Amekwambia nini? Tunaandika ripoti ya korti.' Wenzangu wanasema watoto hawa ni waongo, hawabadiliki, dawa yao ni kukemewa. Mamangu anaogopa nitadhuriwa. Nami silali vizuri, namuota. Juzi nimeambiwa kuna nafasi ya mkataba. Nifanye nini na siri hii, na je, kazi niikubali?"*

Marahaba, mwanangu. Umeniletea mambo mengi kwa mkupuo mmoja, na lile ulilolipitisha katikati kama nyongeza ndilo nitakaloanza nalo: kijana amekwambia kuna usiku huona bora asingekuwepo. Siri ya pikipiki inaweza kungoja wiki. Hili halingoji.

Leo au kesho, mara utakapomwona, muulize waziwazi kwa sauti ya kawaida: "Uliniambia huona bora usingekuwepo. Je, huwa unafikiria kujiua?" Wengi wetu hulikwepa neno hilo tukidhani tukilitamka tutampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Suala hili limechunguzwa kwa miaka mingi na kwa watu wa rika tofauti, vijana wakiwemo, na haikuonekana kwamba kuuliza kunaleta wazo. Mara nyingi kunampunguzia mtu mzigo, maana amepata mtu asiyeogopa kulisikia. Akijibu ndiyo, muulize kama amepanga lolote na kama amewahi kujaribu. Mtoto aliyekwisha kupanga haachwi peke yake hata usiku mmoja.

Kisha unalipeleka kwa msimamizi wa kituo siku ileile, na unamwambia kijana kwamba unalipeleka. Peleka hilo peke yake. "Mtoto huyu yuko katika hatari ya kujidhuru, asilale bila mtu wa kumwangalia, na aonwe na mhudumu wa afya ya akili." Sentensi hiyo inatosha, na haina pikipiki wala mjomba ndani yake. Simamia mpaka apelekwe hospitali ya serikali. Usikubali kuambiwa "anajifanya huyo". Watu wanaojifanya na watu wanaojiua hutumia maneno yaleyale, na si kazi yako wala ya askari wa zamu kubahatisha. Siku za kuangaliwa zaidi ni za mwanzo baada ya kuletwa, ile anayorudi kutoka kortini kesi ikiwa imeahirishwa, na siku ya wageni ambayo wenzake wameitwa na yeye hakuitwa.

Umwambie pia kwamba hatashtakiwa kwa kusema hivyo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai hapa Kenya. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, lakini habari hiyo haijafika kila mahali. Mtoto mwenye kesi moja hatafungua mdomo akidhani anajiongezea ya pili.

Sasa tuje kwenye ahadi. Ahadi ni deni, na naona ndiyo inayokunyima usingizi. Lakini deni hili ulilikopa kwa jina la watu wengine. Chumba mnachozungumzia si chako, ufunguo wake hauko mfukoni mwako, na mtoto yule yuko pale kwa amri ya mahakama. Hata mshauri mwenye kliniki yake mwenyewe mjini, anayelipwa na mteja kwa saa, hawezi kuahidi siri isiyo na mipaka. Akiona maisha ya mteja yako hatarini, au ya mtu mwingine, au kuna mtoto anayeumizwa mahali, atalazimika kusema. Na mahakama ikimwita shahidi, hana ngome. Sheria ya Ushahidi imeyalinda waziwazi mazungumzo ya wakili na mteja wake. Mshauri asijidanganye kwamba naye amesimama nyuma ya ukuta ule.

Kwa hiyo rudi kwa kijana, mapema, ukarekebishe. Usiende na hotuba. Mimi ningesema hivi: "Siku ile nilikwambia lolote halitatoka humu. Nilisema zaidi ya uwezo wangu. Nikiona utajidhuru, au utamdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa, nitamwambia mtu anayeweza kusaidia, na nitakwambia wewe kwanza. Hakimu akiniamuru nizungumze, siwezi kumkatalia. Mengine nitayaweka. Na habari za usiku ule wa pikipiki, nani alifanya nini, mwambie wakili wako, si mimi."

Unaogopa atafunga mdomo. Pengine atafunga, siku mbili tatu. Lakini tazama vizuri namna alivyofunguka, kwa sababu nadhani umeusoma mchezo vibaya. Unaamini ni ile ahadi iliyomfungua. Mimi sidhani. Mtoto aliyewahi kuangushwa na watu wazima hapimi maneno, maneno ameyasikia mengi. Hupima mwenendo. Wiki zote zile alipokuwa akikaa, anakutazama na kucheka, alikuwa kazini: je, huyu huja siku aliyosema atakuja? Nikimcheka atakasirika? Atakwenda kumwambia askari kwamba nina kiburi? Nikinyamaza nusu saa atanifukuza? Ulirudi kila mara, hukumsemea kwa mtu, hukumfukuza. Ahadi ilifika wakati mlango umeshaanza kuachia. Ndiyo maana ukiisahihisha wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajaumbuka nayo, unazidi kuwa mtu yule aliyempima. Akija kugundua kwa ofisa, koridoni, kwamba maneno yake yameshafika ofisini, hapo umekwisha, na si kwake tu. Bweni la vijana halina siri. Ikifika saa ya chakula cha jioni wote wanajua huyu dada ni wa kuambiwa au ni wa kunyamaziwa.

Hicho kicheko nacho kinawaudhi watu wengi bure. Ofisa anamwuliza mtoto, "Mamako amelia, wewe unacheka?" na anaandika kwamba hana majuto. Mtoto aliyelelewa kwenye vipigo, au aliyepitia kukamatwa, kupigwa na umati, kulala seli, mwili wake hukaa macho muda wote. Moyo unakwenda mbio, masikio yanasikiliza nyayo, usingizi unakatika kwa mlio mdogo wa bawaba. Katika hali hiyo ubongo haumruhusu kulegea, na kulia ni kulegea. Kucheka, kupiga miayo, kutazama dirisha, kujibu "sijui" kwa kila swali, zote ni namna za kubaki wima mbele ya mtu asiyejua atamfanya nini. Usizisome kama dharau. Zikipungua wiki hadi wiki, ujue kazi inakwenda, hata kama hajasema lolote la maana.

Na usimkalishe uso kwa uso kama polisi. Kijana wa miaka 15 huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa na pa kutua. Tafuta bao, hata lile la kuchimbwa mchangani, na komwe chache. Nimeona mara nyingi: kijana anahesabu kete, anasambaza, anakula, na katikati ya kusambaza, bila kuinua macho, anasema, "Babangu alikuwa akicheza hili na mimi." Usiache kucheza. Usimrukie na "Unajisikiaje kuhusu hilo?" Sambaza zako, useme, "Alikuwa mzuri?" na umngoje. Angalia pia lugha. Watoto wengi wanaoletwa kutoka Magarini na Ganze huota kwa Kigiriama, na wa upande wa Tana kwa Kipokomo au Kiorma. Kiswahili chao cha kortini ni cha kujibu ndiyo na hapana. Kama huijui lugha ya mama yake, mwachie aseme neno lake kwanza kisha akueleze. Atafurahi kukufundisha, na mtoto anayemfundisha mtu mzima jambo hukaa kwenye kiti kwa namna nyingine kabisa.

Ofisa wako sasa. Usimfanye adui kwa haraka. Korti inapomshughulikia mtoto huagiza ripoti juu yake: nyumbani kwao kukoje, shule aliachia wapi, nani atampokea akitoka, na apelekwe wapi kwa manufaa yake. Mwenye kazi hiyo, afisa wa watoto au wa probesheni, ana tarehe mbele yake na faili tele mezani, na wewe umekaa na mtoto saa nyingi kuliko yeye. Ni kawaida akutegemee. Kosa ni kuchanganya vikapu viwili. Ripoti ya korti hukusanywa kwa mtoto na jamaa zake, wakijua wanahojiwa na kwa ajili gani. Mazungumzo ya ushauri mtoto aliyaingia kwa nia ya kutibiwa. Ukiyamimina ya pili kwenye ya kwanza, umemhoji mtuhumiwa bila wakili wake, tena kwa hila, maana alidhani anatua mzigo. Kukiri kosa kuna utaratibu wake katika sheria na watu wake maalumu wa kupokea kauli hiyo, na chumba chako hakimo.

Mwambie hivi, kwa heshima, na ikiwezekana mbele ya msimamizi: "Naweza kukuandikia kwamba amehudhuria, anashiriki, anahitaji huduma ya afya ya akili na kurudi shule. Yaliyomo kwenye mazungumzo siwezi, na nitamwonyesha kijana nilichoandika kabla hujakichukua." Akisisitiza, omba ombi lake liwe la maandishi. Utashangaa ni maombi mangapi hufa yanapotakiwa kuandikwa. Korti yenyewe ikiagiza, hilo ni jambo jingine: tafuta ushauri wa kisheria, ujibu kilichoulizwa, usiongeze chumvi. Na madaftari yako, mwanangu, yawe mafupi. Tarehe, hali yake, hatari kama ipo, mlichokubaliana. Simulizi ya tukio haikusaidii kumtibu, na daftari halijui kunyamaza likisomwa na mtu asiyestahili.

Mjomba ndiye mgumu, na hapa sitakupa jibu jepesi kwa sababu halipo. Mtu mzima anayewatuma watoto kuiba anawatumia, na hilo peke yake ni suala la ulinzi wa mtoto, si la kesi tu. Linaweza pia kumsaidia kijana: hakimu anayejua kwamba mtoto alitumwa na anayemlisha haoni mwizi yuleyule aliyemwona kwenye hati ya mashtaka. Upande wa pili, huyu mjomba ndiye chungu cha mama na wadogo zake. Ukipiga simu polisi leo bila kijana kujua, unaweza kuwaacha mama na wadogo zake na njaa, na kijana mwenyewe akaambiwa na ukoo mzima kwamba yeye ndiye msaliti. Najua ni rahisi kwa sisi tulio na mshahara kusema "ukweli usemwe".

Ningekwenda hivi. Kwanza wakili. Mtoto mwenye kesi ana haki ya kuwakilishwa, na asiye na uwezo huweza kupewa wakili kwa gharama ya serikali. Uliza kituoni ni nani aliyepangiwa kesi yake, na kama hakuna, shikilia mpaka awepo. Mtie kijana moyo amweleze wakili habari ya mjomba yeye mwenyewe, maana ni wakili anayejua lini na vipi jambo hilo limsaidie bila kumwangamiza. Wakati huohuo zungumza naye kuhusu mama na wadogo, ili afisa wa watoto aifikie nyumba ile kwa njia ya msaada: chakula, shule, ndugu mwingine anayeweza kushika. Lakini muulize swali moja zaidi, na ulisikilize jibu vizuri: je, wadogo zake wanatumwa pia? Kama ndiyo, subira imekwisha. Hapo unaingia katika ile mipaka uliyomweleza, unamwarifu kijana, na unapeleka kwa afisa wa watoto au unapiga 116, namba ya bure ya kuripoti mateso ya watoto nchini kote. Utapeleka hatari ya wale wadogo. Pikipiki bado haikuhusu.

Kuhusu wenzako wanaosema watoto hawa ni waongo, ni kweli hudanganya. Hata mimi ningedanganya ningekuwa na miaka 15 na kila mtu mzima anayeniuliza swali anaweza kunirudisha seli. Uongo wa mtoto aliyezuiliwa mara nyingi ni akili, si tabia.

Kwamba hawabadiliki, hilo si kweli kabisa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kusita kabla ya kutenda na kupima kesho dhidi ya leo, huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini na kitu. Ile inayotafuta raha, sifa na msisimko huwaka mapema, mwanzo wa kubalehe. Katikati ya hizo mbili kuna miaka ya breki dhaifu na injini yenye nguvu. Mwanasaikolojia Laurence Steinberg na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Temple huko Marekani, waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Vijana wakicheza peke yao walijihatarisha kiasi. Marafiki walipokaa kuwatazama, hatari zikaongezeka sana. Kwa watu wazima marafiki hawakuleta tofauti. Sasa mfikirie kijana wako, wenzake wawili, pikipiki iliyoachwa na ufunguo, na mjomba aliyesema "nyinyi ni wanaume au si wanaume?" Hilo halimwondolei lawama yote. Lakini linaeleza kwa nini wengi wa wavulana wanaovunja sheria katika umri huu huacha wenyewe wakipata kazi, mke na kichwa kutulia, mradi hatukuwaharibu zaidi njiani.

Na kukemea je? Kumejaribiwa, tena kwa ukali kuliko wanavyowaza wenzako. Miaka ya 1970, katika gereza la Rahway jimboni New Jersey, vijana walipelekwa ndani wakafokewa na wafungwa wa vifungo virefu ili waogope uhalifu. Programu ikasifiwa, ikaigwa sehemu nyingi. Watafiti walipokuja kuwalinganisha vijana waliopelekwa na wale ambao hawakupelekwa popote, waliokemewa ndio waliorudi kwenye makosa zaidi. Kutokufanya lolote kulikuwa bora kuliko kuwatisha. Ukikosa maneno ya kuwajibu wenzako, wape hayo.

Ningependa pia uwajue vizuri hao walioko bwenini, kwa sababu neno "mahabusu" huwafanya watu wadhani ni genge moja. Yuko aliyeiba simu, yuko aliyekutwa na misokoto ya bangi, na hapa Pwani utamkuta sana mvulana aliyeshtakiwa kwa unajisi kwa sababu ya mpenzi wa rika lake, maana chini ya Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 aliye chini ya miaka 18 hawezi kuridhia, na sheria haikumwekea mwanya kijana wa umri uleule. Huyo hana ugonjwa wa kutibiwa. Ana aibu, ana familia mbili zinazogombana, na labda ana mtoto njiani. Wapo wasio na cheti cha kuzaliwa, wanapelekwa hospitali kupimwa umri, na majibu ya kipimo hicho ndiyo yanayoamua mengi: kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa jinai, na chini ya 14 huchukuliwa kwamba hajui kutofautisha, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vingine. Katiba nayo, ibara ya 53, inataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Ukimwona ndani mtoto ambaye kwa macho tu ana miaka 11, usingoje zamu ya ushauri, muulizie wakili.

Mamako mpe salamu, umwambie hatari anayoiogopa ipo lakini ni ndogo. Kaa karibu na mlango, chumba kiwe na dirisha ambapo mtu anaweza kukuona asikusikie, na mtu ajue uko na nani. Hatari kubwa huja na sura ya upole: kijana anakuomba umpigie simu rafiki, umletee muguka kidogo, yale majani ya kutafuna jamaa ya miraa, umpelekee mtu ujumbe, umkopeshe mia. Kataa ya kwanza, maana ya kwanza ndiyo inayovuta ya pili, na kisha yeye ndiye anayeshika siri yako.

Kuhusu usingizi, kumwota mteja mmoja wiki moja baada ya kusikia mazito si ugonjwa. Kumwota mwezi mzima, kuogopa kwenda, kukasirikia watu wa nyumbani kwa jambo dogo, au kuanza kuona kila mwanamume barabarani ni mjomba yule, hizo ni dalili kwamba maumivu ya watu yameanza kukaa kwako. Dawa yake ya kwanza ni msimamizi wa kitaaluma, yaani mshauri mkongwe unayekaa naye mara kwa mara kuyapitia unayosikia, bila kutaja majina. Si bosi wako, na si rafiki wa WhatsApp. Naona hukumtaja kabisa, na hilo limenitia wasiwasi kuliko pikipiki. Kama dalili hizo zipo, nenda ukaonwe mwenyewe. Hakuna aibu ya mshauri kushauriwa.

Malindi tuliliona hili kwa ukubwa wake mwaka 2023, miili ya waumini walioshawishiwa kufunga kula mpaka kufa ilipokuwa ikitolewa msitu wa Shakahola na kuletwa hospitali yetu. Washauri walikuja kwa wingi, wakafanya kazi ya heri, na wengi wakaondoka, kama ilivyo kawaida ya dharura. Waliobaki na wafiwa walikuwa watu wa hapahapa, bila mtu wa kuwauliza wao wamelala vipi. Sitaki uwe hivyo katika kituo kile.

Je, kazi uikubali? Unaweza kuiweza, hilo naliona kwa namna ulivyokaa na kimya cha kijana wiki zile bila kumlazimisha. Diploma haifundishi hivyo. Lakini kuiweza si sababu ya kusaini. Hakikisha kwanza umesajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, maana bila usajili kituo kitakutumia kinavyotaka na hutakuwa na pa kusimama ukikataa. Kisha kaa na msimamizi wa kituo umuulize mambo haya kabla ya habari ya mshahara: nani atasoma madaftari yangu? Nitatakiwa kuandika ripoti za korti, au hiyo ni kazi ya mwingine? Kuna chumba, au nitakuwa nikizungumza na watoto chini ya mwembe askari akipita? Nani atanilipia msimamizi wa kitaaluma, au angalau kunipa nusu siku ya kumwendea? Na mtoto akiachiliwa au akihamishwa, tuseme shule ya kurekebisha tabia ya Likoni au bostali ya Shimo la Tewa, yaani kile kituo cha kuwafungia vijana, nitaruhusiwa kuagana naye?

Hilo la mwisho wataliona la kitoto. Lisimamie. Mtoto anaitwa saa kumi na mbili asubuhi, anapakiwa kwenye gari, na mshauri anafika saa mbili kukuta kitanda kimekunjwa. Kwa mtoto aliyeachwa na watu wengi, hiyo ni mara nyingine tu. Wakikubali barua au simu moja baada ya kuhamishwa, hilo ni jambo la maana.

Wakikujibu vizuri matatu kati ya hayo, na moja wapo likiwa la madaftari, saini. Wakikuambia "tutaona hukohuko mbele", endelea kujitolea kwa siku zako za sasa mpaka kesi ya kijana huyu imalizike, usimkatishe, na utafute nafasi kwingine. Kwa sasa mambo ni mawili: muulize kijana lile swali la kwanza, na umpigie aliyekufundisha chuoni umwombe awe msimamizi wako mpaka upate mwingine.